Uko kazi ya hoteli Mombasa na unataka MBA (shahada ya uzamili ya biashara)? Jipime hivi kabla hujalipa hata shilingi

Swali ni lile lile kila wiki, na huja usiku baada ya shifti: "Kaka, mimi niko frontofisi miaka sita, nina chansi ya kuingia skuli ya biashara kule nje ama nisijisumbue?" Nami namrudishia maswali kumi, mtu anachoka, anapotea. Basi nimeyaandika yote hapa mara moja, na ukiniuliza tena ntakutumia hii.

Mimi nilifanya hoteli hapa pwani miaka tisa, nikaanza kubeba mabegi ya wageni, nikamalizia frontofisi na naiti oditi, yani kufunga hesabu za hoteli usiku. Mwaka wa kwanza niliomba skuli nne na zote nne zikanitema. Nilidhani wanadharau kazi ya hoteli, kumbe la, darasani kwao watu wa benki na wa konsalti (ushauri kwa makampuni) ndio wamejaa na mtu wa hoteli ni nadra, kwa hivyo hapo tuna bahati. Tatizo ni kwamba niliwaandikia habari za nyota za hoteli, za bwawa la kuogelea na za wageni waliofurahi, na hivyo vyote si vyangu, ni vya mwenye hoteli. Wao walitaka kuona uamuzi nilioufanya mimi mwenyewe na namba gani ilisogea baada yake. Hilo ndilo utapima leo, pamoja na mambo mengine ya karatasi na pesa ambayo watu huyaruka.

Kabla ya kuanza tafuta hivi:

- Transkripti za chuo, zile zenye maksi za kila somo. Cheti peke yake hakitoshi.
- Paspoti, au kama huna, kitambulisho na cheti cha kuzaliwa.
- Barua zako za kazi: kandarasi, barua ya kupandishwa cheo, tathmini za kila mwaka kama hoteli yenu hufanya.
- Daftari, au Excel kama unaipenda.
- Masaa manne mfululizo siku yako ya ofu. Usifanye hii kazi wakati wa brek, utajidanganya.
- Mtu mmoja asiyekuonea haya. Mamako hafai, yeye atakwambia utaingia popote.

Pesa hapa haihitajiki. Ukiona mtu anakudai ada ya kukupimia chansi, kunywa dafu lako uende zako.

1. Amua kwanza unaomba kitu gani

Watu wanasema "nataka MBA" kama vile ni kitu kimoja. MBA ya kukaa darasani muda wote, wengi wanaoingia wana miaka kama mitano hivi ya kazi. Kama wewe una miaka 12 na ni eksekutivu hausikipa au meneja wa F&B (chakula na vinywaji), huko utapimwa pamoja na vijana wa miaka 27 na watajiuliza kwa nini umechelewa. Angalia Executive MBA, ambayo unasoma huku unafanya kazi, au zile za mwaka mmoja za watu wazima kama MSx ya Stanford, ambayo inataka angalau miaka 8 kazini.

Na kama mpango wako ni kubaki hotelini, uje kuwa jenero meneja au uingie makao makuu ya kampuni ya hoteli, huenda hata MBA ya kawaida si njia fupi. Cornell kule Marekani wana skuli ya hoteli tangu 1922 na shahada ya uzamili ya usimamizi wa hoteli, na EHL ya Lausanne kule Uswisi ipo tangu 1893. Huko kazi yako wanaielewa bila wewe kuitafsiri. Ila kama unataka kutoka hotelini uende benki, teknolojia au konsalti, hapo MBA ya kawaida ndiyo yenyewe.

Pia usidharau za nyumbani. Strathmore na USIU ziko Nairobi, Chuo Kikuu cha Nairobi kina kampasi hapa hapa Mombasa, na kuna UCT na GIBS kule Afrika Kusini. Mtu atakayebaki Afrika Mashariki, darasa lililojaa mameneja wa Nairobi linaweza kumfaa kuliko deni la dola elfu mia moja.

2. Kagua karatasi zako bila huruma

Toa transkripti. Kwa vyuo vyetu vingi 70 kwenda juu ni fasti klasi, 60 hadi 69 sekondi apa, 50 hadi 59 sekondi loa, chini ya hapo pasi. Andika yako. Halafu angalia masomo ya hesabu peke yake, yani akaunti, takwimu, uchumi, fainansi. Msomaji wa aplikesheni akiona umetoka kozi ya utalii, jicho lake linakwenda hapo kwanza, manake wasiwasi wake kuhusu mtu wa hoteli ni mmoja tu: je, huyu ataweza hesabu za muhula wa kwanza?

Onyo: usigeuze maksi zako kuwa GPA ya Kimarekani kwa zile kalkuleta za onlaini. Skuli nyingi zinataka uandike maksi kama zilivyo kwenye transkripti, na kama wanahitaji kugeuza watakwambia upitie WES, kampuni inayokagua vyeti vya nje, au watageuza wenyewe.

Kama una diploma pekee, hata iwe ya Utalii College na hata uwe umeifanyia kazi miaka 10, MBA nyingi za kukaa darasani zitakukatalia mlangoni kwa sababu zinataka digrii ya kwanza. Hapo si swala la chansi, ni swala la mpangilio. Zipo skuli, khaswa Uingereza, ambazo huangalia uzoefu mrefu badala ya digrii, lakini hizo waulize kwa imeli kabla hujaota. Kwa wengi njia iliyonyooka ni kumalizia digrii kwanza, na vyuo vingi vinakuhesabia masomo ya diploma ili usianze mwaka wa kwanza.

Sasa majina, na hapa watu wa pwani ndipo tunapoumia. Cheti cha KCSE kinasema Mohamed, digrii inasema Mohammed, paspoti imeongeza jina la babu, kitambulisho kina "bin" katikati. Ama yule dada ni Mwanaisha huku, kule Mwana Aisha. Mtihani wa GMAT au GRE, ile ambayo skuli hizi huitumia kuchuja waombaji, lazima jina lifanane na kitambulisho utakachoenda nacho siku hiyo, wakikataa wamekataa na pesa haikurudii. Yaweke yote kwenye mstari mmoja mapema, kwa afidaviti au didi poli (hati ya kubadilisha jina) kama inahitajika, manake hilo halimalizwi kwa siku mbili.

3. Fanya mtihani wa majaribio BILA kusoma

Ndio, bila kusoma. Unataka kujua unaanzia wapi. Ukijisajili mba.com unapata majaribio mawili ya GMAT ya bure, na GRE nao wana mawili ya bure yanaitwa POWERPREP. Kaa chini, zima simu, fanya moja.

GMAT ya sasa ina sehemu tatu, hesabu, lugha na uchambuzi wa data, kila moja dakika 45, na alama ni kuanzia 205 hadi 805. Insha hakuna tena. GRE imefupishwa tangu Septemba 2023, haifiki masaa mawili, na hesabu na lugha kila moja ni 130 hadi 170.

Onyo kubwa: usilinganishe alama yako ya sasa na namba za zamani. Ile GMAT ya kale ilikwisha mwanzo wa 2024 na kipimo chake kilikuwa tofauti, 645 ya sasa ni karibu sawa na 700 ya kale. Nishaona kijana amepata 635 akalia kabisa kwa sababu binamu yake alimwambia bila 700 usiombe. Alikuwa vizuri tu, wallahi.

Sehemu ya data watu wa hoteli huwa hawaiogopi wakishaizoea, kwa sababu kusoma jedwali lenye mitego ndio kazi ya naiti oditi kila usiku. Hesabu ndiyo itakuuma ikiwa mara ya mwisho kushika aljebra ilikuwa fomu foo. Andika alama uliyopata na uiache hapo. Ukisoma miezi mitatu minne kwa nidhamu itapanda, lakini usiandike alama unayoitarajia, andika uliyonayo.

4. Geuza kazi yako iwe uamuzi na namba

Hapa kaa sana. Hii ndiyo hatua iliyoniangusha mimi, na ndiyo inayoangusha karibu kila mtu wa hoteli.

Chukua daftari, kwa kila mwaka wa kazi jibu: nini kilikuwa kibaya, mimi niliamua nini, nani alipinga, na namba gani ilisogea. Kama hakuna namba andika "hakuna". Usiruke.

Mfano wa sentensi mbovu, ambayo iko kwenye CV ya kila mtu kuanzia Shanzu mpaka Diani: "Nilisimamia frontofisi na kuhakikisha wageni wanaridhika." Hiyo ni kazi uliyopewa. Haisemi wewe ni nani.

Sasa sikiza hii. Treni ya usiku kutoka Nairobi inashusha watu Miritini kabla hata ya alfajiri. Wageni wanafika hotelini saa kumi na moja asubuhi na watoto, na kucheki in ni saa nane mchana. Wanalala kwenye makochi ya risepsheni, wanakasirika, wanakwenda kuandika malalamiko TripAdvisor. Kijana wa frontofisi akaangalia ripoti akaona katikati ya wiki kuna vyumba vimelala tupu usiku kucha, akamshawishi meneja waviuze kuanzia alfajiri kwa nyongeza ndogo, bwana wa hausikipingi akapinga kwa sababu ya ratiba ya wafanyakazi wake, wakajaribu mwezi mmoja kwa vyumba kumi tu. Malalamiko ya asubuhi yakapungua na kukawa na mstari mpya wa mapato. Hiyo ni hadithi ya skuli ya biashara. Ina tatizo, data, upinzani, jaribio dogo, matokeo. Na aliifanya mtu ambaye hana hata ofisi.

Jifunze pia lugha ya namba za hoteli vizuri, manake kwenye intavyu utaulizwa. Okupansi, yani asilimia ya vyumba vilivyolalwa, peke yake hudanganya. Tuseme hoteli ina vyumba 120, lo sizoni ya masika okupansi ni 35% na bei ya wastani ni 9,500. RevPAR, yani mapato kwa kila chumba kilichopo, kiwe kimelalwa ama hakikulalwa, ni 3,325. Ukishusha bei hadi 9,200 na okupansi ikapanda hadi 43%, RevPAR inakuwa 3,956. Tofauti ni 631 kwa chumba, mara vyumba 120, mara siku 91 za Aprili hadi Juni, karibu milioni 6.9. Lakini ungeshusha bei hadi 7,500 ukapata hiyo hiyo 43%, RevPAR ni 3,225, yani hoteli imejaa zaidi, wafanyakazi wamechoka zaidi, na pesa imepungua. Mtu anayeweza kueleza hivyo kwa dakika moja bila kutafuta maneno, ule wasiwasi wa "je ataweza hesabu" ushaisha.

Kama uko jikoni au F&B, namba zako ni asilimia ya gharama ya chakula, chakula kinachotupwa baada ya bufe, mapato ya sherehe na mikutano. Hausikipingi ni dakika kwa chumba, gharama ya dobi, shuka zinazopotea. Mauzo ni kandarasi za mawakala wa Ujerumani, Italia na Poland na ulivyopunguza kutegemea mmoja. Kila idara ina namba, kisingizio cha "sisi hausikipingi hatuna namba" sikikubali.

Maonyo mawili hapa. La kwanza, takwimu za hoteli ni siri ya mwajiri. Usipige picha skrini ya Opera, ule mfumo wa kompyuta wa hoteli, ukaituma kwa skuli. Sema kwa asilimia, "ilipanda kwa asilimia ishirini hivi", inatosha. La pili, usijipe sifa ya timu nzima. Wataongea na bosi wako, na bosi akisema "eh, alikuwepo" umekwisha.

Ukimaliza hesabu una hadithi ngapi kamili, ujipe daraja la juu, kati au chini, utalitumia hatua ya 8. Tatu kwenda juu uko juu. Mbili uko kati. Moja au sufuri, uko chini, hata kama cheo chako ni kikubwa.

5. Andika kwa nini, sentensi mbili tu

Sentensi ya kwanza: baada ya skuli nataka kufanya kazi gani, wapi. Ya pili: kitu gani sina sasa ambacho skuli itanipa. Msomee yule mtu wako asiyekuonea haya. Akikuuliza "kwani si ungeweza kufanya hivyo bila MBA?" na huna jibu, jipe chini hapa. "Nataka kufungua hoteli yangu" wanaisikia kutoka kwa kila mtu wa hoteli, kwa hivyo sema ya aina gani, kwa wateja gani, na pesa ya nani.

6. Nani atakuandikia barua

Unahitaji wawili kwa kawaida, na angalau mmoja awe bosi wako wa moja kwa moja. Hapa pwani mameneja huhama kila baada ya misimu miwili mitatu, mara ameenda Zanzibar, mara Dubai, kwa hivyo saa hii hii tafuta namba zao. Ile barua ya HR ya "kwa yeyote anayehusika" haina maana hapa, skuli humtumia bosi kiungo cha kujaza yeye mwenyewe, na wanapenda imeli ya kazini.

Bosi akikwambia "andika wewe mi nitasaini", kataa kwa adabu. Mpe ukurasa mmoja wa kumkumbusha yale mliyofanya pamoja na mwachie aandike kwa maneno yake, hata Kiingereza chake kikiwa cha kukwaruza. Wasomaji wanajua mkono mmoja ukiandika barua zote.

7. Pesa nayo ni sehemu ya chansi

Watu huiacha hii mwisho halafu wanakubaliwa na hawaendi. Kukubaliwa bila pesa ni karatasi ya kufremu tu. Viza ya mwanafunzi ya Uingereza inataka pesa ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo, na Marekani hawakupi ile fomu ya I-20 ya kuombea viza mpaka uonyeshe pesa za mwaka wa kwanza. Harambee ya wiki moja kabla ya viza haitakusaidia.

Chevening, ule ufadhili wa serikali ya Uingereza, hufunguliwa Agosti kila mwaka, inataka masaa 2,800 ya kazi, ambayo ni kama miaka miwili, na ukimaliza lazima urudi nyumbani miaka miwili. Ada za MBA wao wana kikomo, kinachobaki ni juu yako. Halafu kila skuli ina misaada yake, na mara nyingi mwenye kuomba mapema ndiye anayepata. Andika: nina kiasi gani, familia itatoa nini kwa hakika (sio kwa mdomo), pengo ni ngapi.

8. Linganisha na darasa la kila skuli

Kila skuli hutoa kwenye tovuti yake ukurasa wa sura ya darasa: wastani wa mtihani, miaka ya kazi, wametoka kazi gani. Chagua skuli sita. Kwa kila moja jipe juu, kati au chini kwenye vitu vitano: masomo, mtihani, kazi, sababu, pesa. Usiangalie wastani tu, tafuta ule mtandazo wa katikati, yani kutoka alama ipi mpaka ipi. Ukiwa chini ya mtandazo huo, hiyo ni chini, hakuna "lakini".

Halafu uziweke mafungu matatu. Skuli za kuota ni zile uko chini kwenye viwili au zaidi, au ni ngumu kwa kila mtu. Stanford kwa mfano inachukua watu mia nne na kitu tu kwa mwaka, na kwa kila 100 wanaoomba hawakubaliwi hata 10, kwa hivyo hiyo ni ya kuota hata ukiwa juu kila mahali. Skuli za saizi yangu ni zile una chini moja pekee na ina maelezo. Za karibu uhakika ni zile huna chini yoyote.

Tuchukue mtu wa mfano tu. Dada wa miaka 29, dyuti meneja Bamburi, miaka 6 ya kazi, sekondi loa, majaribio ya GMAT 545, hadithi tatu nzuri, sababu iko wazi, akiba ndogo. Kwa skuli kubwa za Ulaya: masomo chini, mtihani chini, kazi juu, sababu juu, pesa chini. Chini tatu, ni ya kuota. Lakini angalia vizuri, mtihani unaweza kubadilika ndani ya miezi minne na sekondi loa haitabadilika maisha. Akipandisha hadi 625 ule mtihani unaifunika sekondi loa kiasi, zote mbili zinasogea kuwa kati, na inabaki pesa. Skuli zile zile zimehama fungu bila yeye kubadilisha kazi. Ndio maana nasema usiulize "nina asilimia ngapi", jiulize ni chini ipi inayoweza kusogea na kwa muda gani.

Omba mbili za kila fungu ukiweza. Nne za kuota peke yake, kama nilivyofanya mimi, ni kuchoma pesa.

9. Panga kalenda kulingana na msimu wa hoteli

Skuli nyingi za Marekani hupokea maombi kwa raundi: ya kwanza ni Septemba, ya pili ni mwanzo wa Januari, ya tatu ni Machi au Aprili. Raundi ya pili watu wengi huipenda, lakini wewe ni mtu wa hoteli, Disemba yote hadi mwaka mpya huna hata nafasi ya kula, insha utaziandika saa ngapi? Soma mtihani Aprili hadi Juni wakati mvua inanyesha na hoteli iko tupu, andika insha Julai kabla wageni hawajajaa, tuma Septemba. Raundi ya tatu kwa anayehitaji viza na msaada wa pesa, mimi naiona ni bahati nasibu.

Ukikwama

Mtihani umegoma kupanda. Jaribu GRE, kuna watu inawakaa vizuri zaidi. GMAT ukirudia unasubiri siku 16 na mwisho ni mara 5 kwa miezi 12. Kama umefanya mara tatu na uko pale pale, tafuta skuli ambazo zinakubali uombe bila mtihani, ziko nyingi, ila hapo uzito wote unahamia kwenye transkripti na kazi.

Digrii ni pasi au sekondi loa. Huwezi kuifuta, lakini unaweza kuweka karatasi mpya juu yake. Mitihani ya uhasibu ya CPA ya kasneb inaonyesha kwamba sasa hivi unaweza hesabu, au kozi ya onlaini yenye mtihani wa kweli mwisho wake. Kozi za bure za kubonyeza bonyeza haziwasumbui hata kidogo.

2020 nilikaa nyumbani. Hoteli zilifunga, watu wakapelekwa likizo bila mshahara, dunia nzima inajua. Andika mstari mmoja na uendelee. Kama uliuza samaki, ukafungua kibanda cha mahamri, ukaendesha tuktuk, andika hiyo pia, tena kwa namba. Usilifiche pengo kwa kunyoosha tarehe za kazi, wanakagua.

Kandarasi zangu ni za msimu, miezi sita sita. Jumlisha miezi ya kweli. Kama hoteli ilikuita tena misimu minne mfululizo sema hivyo, ni sifa.

Hoteli ilifungwa kabisa, namba sina. Mpigie aliyekuwa bosi wako mkumbushane, chukua makadirio ambayo yeye pia atayasimamia akiulizwa. Kama hamkumbuki, eleza bila namba. Usitunge.

Bosi wa sasa akijua naondoka atanifukuza. Tumia bosi wa zamani au mkuu wa idara nyingine mliyefanya naye kazi kwa karibu, hata wakala wa utalii anayewaletea wageni. Kwenye aplikesheni huwa kuna nafasi ndogo ya kueleza kwa nini bosi wa sasa hayupo, sema ukweli hapo.

Kuna wakala mjini amesema ataniingiza kwa elfu themanini. Hawezi. Hakuna wakala mwenye kiti chake kwenye hizo skuli. Usimwachie vyeti vyako asilia.

IELTS, ule mtihani wa Kiingereza, nifanye saa hii? Subiri. Matokeo yake ni ya miaka miwili tu wakati GMAT na GRE ni miaka mitano, na skuli nyingi zinakusamehe kama digrii yako ilifundishwa kwa Kiingereza. Waulize kwanza kwa imeli, uhifadhi jibu.

Nimefika hatua ya 8 na skuli zote sita ni za kuota. Badilisha orodha kabla hujabadilisha maisha. Toa nne, weka mbili za Afrika na mbili za hoteli, jipime upya. Kama bado, ahirisha mwaka mmoja na ushughulikie ile chini inayosogea kwa urahisi.

Sijui nianze na ipi. Transkripti. Mtihani unafanya na laptop chumbani kwako, hadithi unaandika kwenye matatu ya Mtwapa, lakini ofisi ya rejista ya chuo ina mwendo wake na hauharakishwi. Jumatatu asubuhi, kabla ya shifti, uwe ushatuma ombi.